Wiki ya Hamsini na Nne

Imeandikwa mgongoni kwa leza, mwandiko wa kupendeza:
mwaka wa kumi na tisa, wiki ya hamsini na nne.
Nimeihesabu kalenda mara mbili,
nikaanza Januari, nikaishia kwenye fataki za Desemba.
Wiki hiyo haimo.
Hakuna aliyezaliwa humo, hakuna aliyelipwa mshahara,
ila chipu hizi, elfu mbili na mia tano,
zilizolala kwenye utepe wake, kila moja na kitanda chake.

Bwana Ou kazileta mwenyewe,
na risiti, na chungwa moja la kunipoza.
"Mpya kabisa, dada Sulian. Hazijaonja umeme."
Kizuri chajiuza.
Yeye kapanda ghorofa sita kwa miguu.

Natia pamba kwenye asetoni.
Napangusa mara moja, polepole,
kama mtu afutaye mdomo wa mtoto aliyelala.
Pamba inarudi nyeusi.
Mavi ya kale hayanuki, walisema.
Hawajakaa chumba hiki, dirisha limefungwa.

Chini ya hadubini kilemba cha ukoka kinafumuka.
Kishimo cha mguu wa kwanza kimezibwa rangi.
Miguu imechovywa bati jipya,
lakini magotini kuna makovu ya kazi ya zamani.
Na mikwaruzo ya msasa,
yote imelalia upande mmoja, kama mpunga uliopigwa na upepo,
kisha, karibu na ukingo,
inapinda kushoto.

Inapinda kushoto.

Shangazi alisugua hivyo, Guiyu, uani kwetu,
juu ya kigoda cha plastiki, msasa umelowa karaini,
kando ya jiko la makaa ambapo bodi zilichomwa
hadi chipu zikaachia, moja moja, kama meno ya utotoni.
Sisi watoto tulizipanga kwa miguu:
zenye kumi na sita huku, zenye ishirini na nane kule.
Walimu walimchapa; ule mkono haukuhama.
Alilipwa kwa kilo.
Hakujua kuyasoma majina aliyoyafuta.

Si yeye. Mapafu yalimchukua zamani,
na makaa yale yamepigwa marufuku.
Wenye mashoto ni wengi duniani.

Naichomeka moja kwenye kipimo. Nauliza, inajibu.
Nampandishia joto, nyuzi sabini:
inajibu, kwa kuchelewa kidogo,
kama mlinzi aliyeshikwa akisinzia.
Nyingine naifungua kwa tindikali.
Ndani kabisa, juu ya silikoni,
jina lake la kuzaliwa, dogo kuliko yai la chawa,
na mwaka ambao mimi bado nilikuwa shuleni.
Labda ilikaa ndani ya mashine ya kufulia.
Ilizungusha shuka za watu,
ilinyamaza ilipoambiwa nyamaza.
Yenyewe haijasema uongo hata neno moja.
Ni jina tu, na jina walipewa mgongoni,
mahali wasipoweza kujiona.

Lakini safari yao ilikuwa wodi ya watoto njiti,
kwenye masanduku ya kioo,
ambako nyuzi thelathini na saba ni thelathini na saba
na kuchelewa kidogo si kidogo.

Nilipoomba kazi hapa,
penye "Mahali pa kuzaliwa" niliandika Shenzhen.
Mwandiko wa kupendeza.
Hakuna aliyepangusa.

Napiga muhuri: zimekataliwa, utepe wote.
Bwana Ou haulizi sababu.
Anakunja risiti zake mara nne, anaziweka mfukoni,
anauliza kama lile chungwa nitalila.

Nalimenya baadaye, juu ya gazeti,
kwa mkono wa kushoto,
weusi wa pamba ungali kwenye kucha.